Daktari wa Magugu

Machi 14

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Leo nimewadanganya watu wawili, na mmoja wao ni mama yangu.

Asubuhi Mama alinipa kiondo chenye vitabu vya Profesa Hulda Ooko, msimamizi wake wa chuoni. "Mrudishie," alisema bila kunitazama. "Mwambie asante kwa miaka yote hii. Mwambie nguvu zimeniishia, tasnifu nimeiacha."

Alikuwa anawasha jiko, na alichokuwa akiwashia ni sura ya pili. Niliyaona maneno "Mapitio ya Maandishi" yakijikunja na kuwa meusi chini ya makaa.

Mama amekuwa akisomea shahada ya uzamifu tangu nikiwa shule ya msingi. Anaandika kuhusu vikundi vya wanawake wanaopalilia mahindi kwa zamu kule Turbo, alikozaliwa: nani anaingizwa kikundini, nani anatolewa, nani anaanziwa shamba lake. Mwezi uliopita aliitwa mbele ya jopo la chuo, na mzee mmoja wa jopo akamwambia kwamba huo si utafiti, ni porojo za shambani. Mama alirudi nyumbani akapika chakula kama kawaida. Halafu Jumapili Baba Mkubwa Mabonga akaja kula kwetu, akasikia habari hiyo, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hivyo, Mama Sylvia, ungekuwa daktari wa nini? Daktari wa magugu?"

Watu wote mezani walicheka. Baba alicheka kidogo, akiangalia sahani yake. Mama naye alicheka. Hapo ndipo nilipoumia.

Basi nikabeba kiondo mpaka chuoni, ng'ambo ya Kesses. Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni, kabla sijamaliza Form Four, nilipewa kazi ya kupiga kengele kwa sababu hiyo hasa: kengele inaongea kwa niaba yako. Njia nzima nilikuwa nikijifunza maneno mawili tu. Mama ameacha. Mama ameacha.

Mlango wa Profesa ulikuwa wazi. Ni mama mnene wa makamo, nywele zimekatwa fupi kabisa, na alikuwa anakula njugu huku anasoma.

"Wewe ni nani?"

"Sylvia. Wa Tryphosa."

"Ehe. Na mama yako yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Mama anasema ataleta sura ya nne mwisho wa Juni."

Mimi mwenyewe nilishtuka.

Profesa alivua miwani. "Muda alioongezewa unaisha Julai. Baada ya hapo jina lake linafutwa, na hata mimi siwezi kufanya chochote. Anajua?"

"Anajua."

"Basi mwambie Juni ni Juni." Akaangalia kiondo changu. "Umebeba nini?"

"Vitu vya soko," nikasema, na nikatoka.

Nyumbani niliweka kiondo mezani. Mama alikitazama, akanitazama.

"Amekataa," nikamwambia.

"Amekataa nini?"

"Vitabu. Amekataa uache. Amesema Juni ni Juni."

"Amekataa?" Mama alisimama na mwiko mkononi. "Yeye ni nani akatae? Mimi ni mtoto wake? Nimekwambia umwambie nimeacha, sikukwambia umwombe ruhusa!" Alisema na kusema mpaka ugali ukaungua. Kisha nikamwona akienda kwenye kikapu cha karatasi za kuwashia jiko, akazitoa zilizobaki, akazipanga magotini.

"Sura ya pili iko kwenye kompyuta," nikasema.

"Najua iko kwenye kompyuta!" akanifokea. "Nilikuwa nachoma karatasi tu."

Machi 15

Nimelala vibaya. Sijuti.

Machi 17

Kama nimesema uongo, kazi yangu sasa ni kuugeuza uwe kweli. Nimechukua kalenda ya kanisa ya mwaka jana, nyuma yake ni nyeupe, nikachora mwezi wa tatu mpaka wa saba. Mahojiano Aprili, wakati wa palizi ya kwanza. Kusikiliza na kuandika yaliyorekodiwa, Mei. Sura ya nne, Juni. Sura ya tano na kusahihisha, Julai. Nimeipanga kama walimu wetu walivyopanga Form Four: kwanza maliza silabasi yote, marudio yaje mwisho.

Kisha nikaenda kwa fundi wa magari pale barabarani, nikaonyesha kwa kidole rimu moja kuukuu iliyolala kwenye majani. Alinipa bure, nafikiri ili niondoke. Nimeitundika kwenye mparachichi nyuma ya jikoni iwe kengele. Nyundo ninayo.

Mama alisoma kalenda ukutani, mkono kiunoni. "Kengele ya kuamka. Kengele ya kuandika. Kengele ya kuacha kuandika. Kwani mimi niko Form One?"

Nikanyoosha pembe ya kalenda iliyojikunja.

"Na adhabu ni nini nikichelewa?"

"Kufyeka," nikasema.

Alicheka. Kicheko cha kweli, si kile cha Jumapili.

Machi 18

Nimepiga kengele alfajiri. Mama Muigai, jirani yetu, alitoka na kofia ya kulalia. "Sylvia! Hapa ni ploti ya wapangaji ama ni shule ya boarding?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikapiga tena, mara moja, ili ajue nimemsikia.

Machi 26

Mvua imeanza. Watu wote wa mtaa wetu wa Langas wanatembea wakiangalia chini.

Aprili 2

Mama ameandika asubuhi zote isipokuwa moja. Akiandika anafunga leso kichwani na kuimba nyimbo za kanisa bila maneno. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba.

Aprili 9

Turbo. Mahindi yamechipuka kwa waliowahi kupanda. Tumekutana na kiongozi wa kikundi, Nakhumicha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Anamjua Mama tangu utotoni.

"Tryphosa! Umekuja kutuandika tena? Utamaliza wino."

Nimepanga mahojiano yafanyike katika kanisa lao, saa kumi jioni. Asubuhi wako shambani, mchana wanapika, na saa kumi shuleni ni wakati wa michezo, kwa hiyo ni wakati wa watu kupumzika. Mama aliangalia mpango, akasema, "Sawa, meneja." Nilifurahi mno kuitwa hivyo.

Aprili 10

Mvua. Mahojiano ya kwanza. Simu ya Mama iko mezani inarekodi.

Aprili 14

Mvua. Mahojiano. Wote wanasema wanasaidiana kwa upendo.

Aprili 17

Mvua. Upendo.

Aprili 21

Baba Mkubwa Mabonga amekuja kuazima jembe. Aliona kalenda ukutani. "Lawrence," akamwambia Baba, "bibi yako anasoma, binti yako anapiga kengele, wewe unafanya nini?"

Baba ni karani katika ghala la nafaka na hapendi makelele. "Mimi nalala nikisikia kengele ya kulala," akasema. Sijui kama ilikuwa aibu au mzaha. Zamani ningesema aibu. Sasa sina hakika.

Aprili 27

Profesa amepiga simu. Niliona jina lake kwenye kioo nikiwa naosha vyombo, na sahani ikaniponyoka. Mama alitoka na simu nje. Nilisimama mlangoni na kitambaa, nasikiliza upande mmoja tu.

"Ndiyo, Prof... Ndiyo... Nilijua utasema hivyo... Juni ni Juni, Prof."

Alirudi ndani akikunja uso. "Huyu mama hata salamu hajui."

Uongo wangu umepita katikati yao kama mtu anayevuka barabara akiwa amefumba macho. Wako pande mbili, wamekasirikiana kidogo, na kila mmoja anafikiri mwenzake ndiye mkaidi.

Mei 2

Mahojiano yote yamekwisha! Nimetia alama kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Silabasi imekamilika, sasa marudio.

Mei 11

Niandike vipi hili.

Leo ilikuwa siku ya kuanza kusikiliza. Nilikaa na kompyuta na daftari jipya, nikafungua rekodi ya kwanza. Nilisikia Mama akitaja tarehe. Kisha nikasikia kama mtu anamimina changarawe ndani ya karai, bila kukoma. Chini kabisa ya changarawe hiyo kulikuwa na kitu kama sauti ya mwanamke, mbali, kama yuko kisimani.

Nikafungua ya pili. Changarawe. Ya tatu, changarawe na radi.

Kanisa la Turbo limeezekwa kwa mabati na halina dari. Mvua ya huku mwezi wa nne inakuja jioni. Kila mtoto wa Eldoret anajua hilo. Shuleni kwetu mwalimu alikuwa akiacha kufundisha mvua ikipiga mabati, anaandika ubaoni, nasi tunanakili kimya mpaka ipite. Miaka minne niliishi chini ya mabati hayo, na bado nilipanga mahojiano yote saa kumi jioni, kwa sababu kwenye ratiba saa kumi ilikuwa na nafasi. Tulikuwa tumeinamiana pale mezani, wanawake wanapaza sauti, sisi tunasikia vizuri tu. Hakuna aliyeiwazia simu.

Ningesikiliza rekodi moja tu siku ya kwanza, tungejua. Lakini mimi nilisema silabasi kwanza.

Nilifungua zote mpaka ya mwisho nikitumaini. Mama alikuja kutoka kazini, anafundisha chuo kidogo cha ualimu mjini, akanikuta nimekaa tu. Nikamvalisha kisikizio masikioni. Alisikiliza akiwa amesimama, koti likidondosha maji. Nilimwona akingoja sauti ije. Akangoja. Kisha akakivua polepole, akakiweka mezani kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mpango wangu."

"Mimi ndiye msomi," akasema. "Mimi ndiye niliyepaswa kujua."

Akaenda chumbani. Sikupiga kengele ya jioni. Mama Muigai alichungulia dirishani kuuliza kama kuna mtu mgonjwa.

Mei 12

Asubuhi Mama alikuwa amevaa tayari, kiondo kiko mezani, na vitabu vya Profesa ndani yake. Leso ya kichwani hakufunga.

"Nenda kwa Profesa," akasema. "Safari hii mwambie ukweli wote. Mwambie rekodi zimeharibika. Alikataa mara ya kwanza, mara ya pili hawezi."

Nilikitazama kiondo. Kulikuwa na njia mbili. Ningeweza kubeba vitabu mpaka kwa Profesa, naye angeshangaa, uongo ungefumuka, na Mama angekuwa ameacha. Au ningeweza kupiga magoti pale pale jikoni na kusema, Mama, hakuna aliyekataa, ni mimi. Na hapo pia angekuwa ameacha, kwa sababu kumbe hakuna mtu mkubwa aliyemwamini, ni mtoto wake tu.

Njia ya tatu sikuifikiria. Ilitoka yenyewe.

"Siendi."

"Umesemaje?"

"Siendi, Mama."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumwambia Mama neno hilo. Hata Baba, aliyekuwa akifunga viatu, aliinua kichwa.

"Sylvia. Nimekutuma."

"Najua. Siendi. Ukitaka kuacha, nenda mwenyewe umwambie mbele ya uso wake. Mimi sibebi tena." Sauti yangu ilikuwa kubwa mno kwa ile jikoni yetu ndogo, lakini sikuweza kuirudisha. "Ulipocheka siku ile Baba Mkubwa anakuita daktari wa magugu, nilikuchukia, Mama. Sikumchukia yeye. Wewe ndiye niliyekuchukia. Palizi ya pili haijaanza. Wale wanawake hawajahama. Mvua ndiyo imemeza maneno, watu hawakumezwa. Siendi."

Chai ilifurika kwenye sufuria na hakuna aliyeinuka kuitoa.

Nilingoja kofi. Mama alisogea mpaka karibu yangu kabisa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba uchovu niliokuwa nikiuona kwake tangu Februari haukuwa uchovu. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kumaliza, halafu yule mzee wa jopo aseme tena maneno yale yale juu ya kitabu kizima.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo."

"Toa hiyo chai."

Baba ndiye aliyeitoa. Alipopita nyuma yangu alinigusa bega, kidogo tu, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa.

Mei 13

Leo Mama ndiye aliyepiga kengele.

Nilitoka nje nikamkuta chini ya mparachichi, nyundo mkononi, gambuti miguuni, leso kichwani. Jembe limeegemea ukuta. "Haya, meneja," akasema. "Mvua inakuja jioni, si ndiyo? Basi tufike asubuhi."

Mei 16

Turbo. Nitaandika yote, sitaki kusahau.

Tulifika shambani kukiwa na ukungu. Wanawake walikuwa wamejipanga kila mmoja na mstari wake. Mama aliwaeleza habari ya mvua na simu. Nakhumicha alicheka mpaka akakaa chini kwenye matuta.

"Yote? Hata nilivyokuelezea mambo ya upendo?"

"Yote."

"Afadhali. Ulikuwa uongo mtupu." Akasimama akajikung'uta. "Tryphosa, unatuketisha kanisani, msalaba uko pale ukutani, mke wa pasta anatembea nje, halafu unatuuliza kama huwa tunagombana. Ulitaka tujibu nini?"

"Na hapa je?"

"Hapa tunalima. Chukua mstari."

Mama aliwaonyesha simu, akauliza kama wanakubali isikie wakiwa kazini. Walitazamana. "Isikie," akasema mmoja wa nyuma. "Lakini majina yetu iyasahau." Mama akaahidi, akaifunga simu kwenye leso yangu, kifuani. Kazi yangu ikawa kutembea katikati ya mistari nikiwa kama nguzo ya simu.

Walidhani watachoka kumngoja. Kumbe mimi simjui mama yangu. Aliinama, akatema mate viganjani, na kabla ya jua kupanda alikuwa amewaacha wote nyuma isipokuwa Nakhumicha. "Huyu si wa chuo!" wakapiga kelele. "Huyu ni mkulima, tumedanganywa!" Mama akajibu bila kuinuka, "Nyinyi palilieni, mimi naandika kwa jembe."

Na wakaongea. Mwenye shamba hashiki jembe siku ya zamu yake, anapika, na kila mtu anajua hali ya nyumba yake kwa kile anachopakua. Mwaka juzi mmoja alipakua uji mtupu, na hakuna aliyesema neno, lakini kikundi kikarudi kwake wiki iliyofuata kabla zamu yake haijafika. Mwaka jana walimtoa mwingine kwa sababu alikuwa akichelewa makusudi apate mstari mfupi wa pembeni. Ilikuwa ugomvi wa kutupiana majembe. Aliyetolewa alikuwa dada yake Nakhumicha, wa tumbo moja.

"Na ulipiga kura atoke?" Mama akauliza.

Nakhumicha alipalilia kwanza mashina matatu manne. "Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono," akasema. "Ningemwacha abaki, nani mwingine angeniamini?"

Majembe yaliendelea. Nilishika simu kifuani kwa mikono miwili.

Jioni mvua ilipoanza tulikuwa tumeshafika nyumbani. Kabla sijavua gambuti nilifungua rekodi. Majembe, ndege, kikohozi, na kila neno. Kila neno!

Mei 17

Tumerudi Turbo. Nimesikiliza jioni hiyo hiyo. Sheria mpya ukutani: hakuna kinacholala bila kusikilizwa.

Mei 24

Mikono ya Mama ina malengelenge. Anashika kalamu kama kijiko.

Mei 31

Mvua ya mawe. Kikundi kimejificha chini ya lori lililokwama. Mama pamoja nao, simu iko ndani ya mfuko wa mkate.

Juni 7

Mahojiano yamekwisha, safari hii kweli. Naandika nilichosikia, Mama anafasiri Kibukusu kuwa Kiingereza, tunabishana. Leo tumebishana asubuhi nzima kuhusu neno moja la matusi.

Juni 14

Baba Mkubwa Mabonga amekuja kula. Tulikuwa na kuku. Alingoja mpaka paja liko mkononi.

"Na daktari wetu wa magugu anaendeleaje?"

Nilimtazama Mama. Niliacha kutafuna.

"Vizuri sana, shemeji," Mama akasema akimwongezea mchuzi. "Ila usinikaribie karibie, nisije nikakung'oa."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na ikabidi nimpige mgongoni. Baba Mkubwa alifungua mdomo, akaufunga, akala. Baadaye alimuuliza Mama, kwa sauti ya chini, hao wanawake wa Turbo huwa wanafanyaje mtu akiugua katikati ya zamu. Mama alimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Simpendi bado, lakini nimeona kwamba alikuwa hajawahi kuuliza, na labda hakujua kwamba inaulizika.

Juni 19

Nina homa. Nimelala. Kengele imepigwa kwa wakati wake, nikadhani ni Mama. Ni Mama Muigai. "Watoto wangu wamezoea," akasema dirishani. "Usipopiga wanachelewa shule. Lala."

Juni 30

Sura ya nne imetumwa. Mama alibonyeza, akaifunga kompyuta kama inauma, akaenda kuchuma sukumawiki kwenye mvua bila mwavuli.

Julai 4

Profesa amejibu mstari mmoja: "Sasa nasikia watu. Sura ya tano."

Mama ameusoma kwa sauti mara nyingi mpaka Baba akaukariri.

Julai 11

Stima imepotea, kompyuta haiwaki. Mama anaandika kwa mkono. Kengele iko pale pale.

Julai 20

Sura ya tano imekubaliwa. Yamebaki marekebisho, picha za mashamba, orodha ya vitabu vilivyotumiwa, na ukurasa wa shukrani.

Julai 26

Mama alinisomea shukrani nipige chapa, kwa sababu macho yake yamechoka. Aliwashukuru wanawake wa Turbo bila majina, kama alivyoahidi. Alimshukuru Baba. Akamshukuru "binti yangu Sylvia, aliyeshika saa". Nilikuwa bado natabasamu aliposema inayofuata.

"Na Profesa Hulda Ooko, ambaye siku niliyotaka kuacha, alikataa."

Vidole vyangu vilisimama.

"Andika," akasema Mama. "Nilimkasirikia sana siku ile. Lakini nikwambie ukweli, mtoto wangu, kila asubuhi uliponigongea ile rimu yako, nilikuwa naamka nikisema: yule mama mkubwa wa chuo, aliyesoma kuliko mimi, amekataa niache. Basi kuna kitu amekiona. Niliamkia hilo."

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Kulikuwa na sisi wawili tu, na taa, na sentensi moja ambayo si kweli. Nilifikiri: nani atasaidiwa nikisema ukweli? Kitabu kimekwisha. Yale ya Turbo yote ni kweli, niliyasikia kwa masikio yangu. Alichokiamkia Mama hakikuwepo, na bado aliamka.

Nikaandika. *Alikataa.* Nukta.

Julai 29

Tumeenda chuoni sisi wawili, Mama na gauni la kanisani, mimi na nakala zilizojalidiwa mikononi, na kile kiondo begani. Profesa alikuwa na njugu zake. Kabla ya kutia sahihi ili tasnifu iende kwa watahini, alifungua kurasa za mwanzo, na nikaona macho yake yakishuka kwenye shukrani. Yakasimama.

Wakati huo huo Mama akachukua kiondo begani mwangu, akakiweka mezani. "Na vitabu vyako, Prof. Safari hii lazima uvipokee."

"Safari hii?" akasema Profesa.

"Si ulivikataa mwezi wa tatu. Sylvia alivirudisha nyumbani na maneno yako."

Nilitazama ukuta. Kulikuwa na ufa uliofanana na mto. Niliamua kwamba nikiulizwa nitasema kweli, na sitalia, na sitaomba msamaha.

Profesa alikitazama kiondo. Alikitazama muda mrefu, na nilijua amekitambua. Kisha akanitazama mimi. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa.

"Ndiyo," akasema. "Nilivikataa."

"Kwa nini, Prof? Nimetaka kukuuliza tangu siku ile."

"Kwa sababu aliyetumwa hakutaka kutumwa." Akavaa miwani. "Nikaona kwamba nyumba ile haijaacha, Tryphosa. Aliyeacha alikuwa mmoja tu."

Mama aliinamisha kichwa. Profesa akatia sahihi, akapiga muhuri, na sauti ya muhuri ule ilikuwa kama kengele iliyopigwa mara moja.

"Yule mzee wa jopo atakuwepo siku ya utetezi," akamwonya Mama.

"Aje," Mama akasema. "Aje na jembe."

Tulipoinuka Profesa alisema, "Sylvia, baki kidogo unisaidie kurudisha hivi vitabu kwenye rafu." Mama akatangulia nje. Nilipanga vitabu kimoja kimoja. Cha mwisho Profesa alikipokea mwenyewe.

"Vitu vya soko," akasema.

"Ndiyo, Profesa."

"Mimi nastaafu mwakani. Hili nitaondoka nalo." Akanipa njugu, mkono umejaa, na kunifukuza kwa kichwa.

Mama alikuwa akingoja kwenye ngazi, uso umegeukia mvua. "Alikuwa anakwambia nini?"

"Amenipa njugu," nikasema. Huo haukuwa uongo.

Julai 31

Muda umeisha leo, na jina la Mama halijafutwa. Nimeishusha kalenda ukutani. Rimu nimeiacha, Mama Muigai amekataa iondolewe.

Daktari wa magugu. Nimeandika jina hilo nyuma ya kalenda kwa herufi kubwa, kwa kalamu nyekundu, na nimeitundika tena upande huo ukionekana. Baba Mkubwa akija Jumapili ataikuta.

Na wewe, yeyote utakayesoma hapa, nina ombi moja. Siku moja kitabu cha Mama kitawekwa maktaba. Kisome chote. Kila neno la wanawake wale ni kweli, lililimwa. Lakini ukifika kwenye shukrani, ule mstari wa Profesa, pita polepole wala usimwonyeshe mtu. Katika kitabu kizima ndio uongo pekee, na ni mimi niliyeuandika. Usimwambie Mama. Mwache aendelee kuamka.

Nyamaza nami.